Tulivyomtafuta Mabel Hadi Newala

Nimeulizwa habari za safari yetu sokoni, kanisani na hata kwenye foleni ya benki, mpaka nimeanza kuchanganya nilichomwambia nani. Kwa hiyo nimekaa nikaandika yote kwa mpangilio, nanyi wenzangu wa kikundi cha kufuma mtapokezana kusoma. Habari za kukata tiketi na kufunga mizigo nimeziruka.

Mama yangu mnamfahamu. Bibi Winfrida, mwalimu mstaafu, miaka themanini na miwili, anatembea na fimbo lakini haiegemei. Ambalo wengi hamlijui ni kwamba si mzaliwa wa Songea. Ni Myao wa Masasi. Alisoma huko, shule ya wasichana ya misheni, wakati wa Waingereza. Akapata ualimu, akapangiwa huku kwetu, baba akamwona, basi.

Mimi nami mnanijua kwa somo langu. Nimefundisha historia miaka thelathini na moja. Ukiniamsha usingizini nitakutajia mfalme wa Uingereza aliyekatwa kichwa na yule aliyekata wake zake vichwa, viwanda vya pamba, reli, makoloni. Nilidhani Waingereza nimeshawamaliza. Kisha siku moja mwezi wa tatu, tukichambua maharage barazani, mama akasema bila kuinua uso, "Mwezi wa tano, kwao wanacheza wakizunguka nguzo yenye riboni."

"Kina nani?"

"Waingereza. Vijijini mwao. Baridi ikiisha na maua yakianza kutoka, wanasimamisha nguzo, wanafunga riboni za rangi kule juu, kila mtu anashika moja. Nusu wanakwenda huku, nusu wanakwenda kule. Wanapishana, mara juu, mara chini, mpaka nguzo inasukwa kama nywele."

Nikamuuliza ameyasoma wapi, maana mimi sikuwahi kuyaona kwenye kitabu chochote nilichofundishia.

"Sijayasoma," akasema. "Nimecheza."

Ndipo akanisimulia. Alikuwapo mwalimu wa Kiingereza ambaye wasichana walimwita Miss Kengele, kwa kuwa alitembea na kengele ya mkononi popote aendapo. Miss Kengele aliwafundisha wasichana wanane mchezo huo wa kwao kwa muhula mzima. Mwenzi wa mama alikuwa msichana aitwaye Mabel, ambaye walilala vitanda jirani bwenini. Siku ya siku wakaja wageni, akiwemo afisa mmoja wa serikali na familia yake. Katikati ya wimbo riboni zikajifunga. Wasichana wakasimama kama mbuzi waliozungushiana kamba. Miss Kengele akauliza nani amekosea. Mama alijua ni yeye, alipita chini mahali pa kupita juu, lakini mdomo ulikataa kufunguka. Mabel akasema, "Ni mimi, Miss."

Mabel akaambiwa abaki bwenini wenzake walipokwenda kula keki. Muhula uliofuata hakurudi shuleni. Nafasi ya kwenda chuo cha ualimu ilikuwa moja, na wasichana wawili ndio waliokuwa wakishindana kwa alama, yeye na mama. Akaenda mama.

"Miaka sitini na kitu," mama akasema, akisukuma sinia la maharage pembeni, "nimekula ualimu wa mtu."

Sikulala vizuri siku hizo. Mama alitaka kumwona Mabel, kama yu hai, amwambie kwa mdomo wake. Mimi, nisiwafiche, nilivutwa pia na ile nguzo. Nilitaka kuona kwa macho yangu Waingereza waliacha nini kule zaidi ya yale tunayoyaandika ubaoni. Mwezi wa kumi ulipofika tukaondoka.

Songea hadi Tunduru

Basi liliondoka alfajiri, na mama alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka. Jirani yetu wa kiti alikuwa mfanyabiashara wa dagaa wa Nyasa, Mama Shani, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutikisa kiti. Kabla hatujafika Namtumbo alikuwa ameshajua tunakwenda wapi na kwa nini, kwa sababu mama alimwambia yote.

Tulipoipita Namtumbo kwa mwendo wa kama saa moja, tairi la nyuma likapasuka. Dereva akashuka, akatoa tairi la akiba, akaligonga kwa kiganja. Nalo halikuwa na upepo. Utingo akapanda pikipiki iliyokuwa ikipita, akatoweka na tairi mgongoni, nasi tukakaa pembeni ya barabara kwa saa nne.

Zilikuwa saa nne nzuri kuliko nilivyotarajia. Mama Shani alifungua furushi lake mwenyewe, si la biashara, akatoa dagaa wa kukaanga na ndimu, akatugawia kwenye karatasi. Abiria wengine wakasogea. Mama akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akasimulia kisa cha riboni upya, na safari hii akachora nguzo mavumbini kwa fimbo yake. Watu wazima kumi na watano wakainama kuangalia mchoro.

"Wewe ulikuwa unakwenda kulia?" akauliza mzee mmoja mwenye kofia ya viua.

"Kulia. Na Mabel kushoto."

"Basi hukukosea wewe. Kama ni hivi, huyu wa nyuma ndiye aliyekosea."

Mwingine akamkatalia. Ukazuka ubishi ambao sijausikia hata kwenye mpira. Mama Shani peke yake hakubishana. Alimgeukia mama, akauliza kwa upole, "Bibi, na huyo Mabel akikufukuza?"

"Nitakuwa nimefika," mama akajibu.

Tunduru hadi Masasi

Kwa ule ucheleweshaji tulilala Tunduru, tukaamka na kuendelea na basi jingine. Njia ni nzuri siku hizi, lami tupu, msitu huku na huku. Mama alikuwa kimya. Nilidhani amechoka.

Tulipokaribia Masasi basi likasimama kidogo na wanawake wakaja madirishani na vifungu vya vijiti vya kahawia, vyembamba kama penseli, vikiwa bado na mvuke. Mama akashika mkono wangu kwa nguvu. "Ming'oko," akasema.

Ni mizizi ya porini, inachimbwa na kuchemshwa kwa chumvi. Unaimenya kwa meno, unavuta ganda, unakula nyama yake ya ndani. Mimi niliyezaliwa Songea nilikuwa sijaila maishani. Ladha yake iko kati ya kiazi na kitu kingine ambacho sikukipatia jina. Nilikula fungu moja. Mama alikula matatu, maganda yakamjaa kwenye gauni la Pasaka, na kuanzia hapo hakunyamaza tena mpaka stendi.

Masasi, chini ya majabali

Yale majabali ya Masasi nilikuwa nimeyaona kwenye picha tu. Yanatokea ghafla nyuma ya maduka na bodaboda, makubwa, ya kijivu, kama yaliwekwa pale na mtu aliyekusudia kurudi kuyachukua. Mama aliyatazama kwa muda mrefu akasema yamepungua. Nikamwambia majabali hayapungui. Akasema nilikuwa sijazaliwa.

Kwenye kanisa la zamani la misheni tulipokewa na mzee Danieli, anayetunza mazingira ya pale, ana miaka kama sabini. Alimwamkia mama, "Shikamoo Mama," mama akaitika marahaba kwa sauti ya mtu aliyefika nyumbani. Nikamweleza mzee Danieli kwamba mimi ni mwalimu wa historia na ninapenda kujua mambo ya Waingereza wa pale. Akafurahi mno. Akatupeleka makaburini kwanza.

Makaburi ya Waingereza yamepangwa kwa mistari, misalaba ya mawe, nyasi zimefyekwa. Mama alivaa miwani akasoma majina kwa sauti, moja moja, kama anayeita mahudhurio. Nami nilikuwa nasoma umri. Nesi, miaka ishirini na sita. Padri, ishirini na tisa. Mwingine alikuwa hajamaliza mwaka tangu afike.

Wenzangu, nimewafundisha watoto kwa miaka thelathini na moja kuandika kwamba wamisionari walikuwa mawakala wa ukoloni, alama mbili. Sijaifuta sentensi hiyo, na sitaifuta. Ila sentensi hiyo haikuwahi kuwa na miaka ishirini na sita. Nilisimama pale nikiwa na umri wa kuweza kumzaa yule nesi, nikamwonea huruma kwa malaria yake.

Miss Kengele hakuwemo. Mzee Danieli alisema huyo alirudi kwao salama baada ya Uhuru, na akafia uzeeni.

Shule ya mama haipo. Imebaki sakafu ya saruji na ngazi tatu zinazopanda kwenda hewani. Uwanja waliochezea umekuwa shamba la mihogo. Mama alihesabu hatua kutoka kwenye ngazi, akasimama katikati ya mihogo, akasema, "Hapa." Hapakuwa na alama yoyote, lakini hakuna aliyembishia.

Ilipotimu saa kumi kamili mke wa mzee Danieli akagonga kipande cha chuma kilichoning'inia mwembeni. Familia yote ikaacha kazi, ikaketi. Ikaja chai ya maziwa kwenye birika lililofunikwa kofia ya sufu, na sahani ya skonzi. Nikauliza kwa nini saa kumi.

"Ndiyo saa ya chai," akasema mzee Danieli, akinishangaa.

"Nani alipanga?"

Akafikiri. "Bibi yangu alikuwa mpishi wa misheni. Kwao ilikuwa saa kumi. Kwetu ikawa saa kumi." Akanisogezea skonzi nyingine. Nilizila nne. Mzee hakumjua Mabel, ila mama alikumbuka kwamba baba yake Mabel alikuwa mtu wa Lupaso, na mzee Danieli akasema kesho atatutafutia gari.

Lupaso

Gari lilikuwa Noah yenye sauti ya kikohozi. Pande zote za njia ni mikorosho, na chini yake mabibo yameanguka, mekundu na ya njano, harufu yake imejaa mpaka ndani ya gari.

Lupaso tukauliza Mabel. Hakuna anayemjua Mabel. Tukakutana na Edita wawili, Mildreda mmoja na mzee aitwaye Wilfredi, majina ambayo nadhani kwao Waingereza wenyewe yameshapitwa na wakati, lakini Mabel hapana. Mpaka mama mmoja aliyekuwa anaanika korosho alipouliza, "Si Mebo mnayemtaka? Mebo fundi?" Kumbe jina limekaa midomoni mwa watu mpaka likapata umbo lake.

Tukapelekwa kwenye kibaraza chenye cherehani. Mama alikuwa amevua miwani kwa ajili ya vumbi. Nilikuwa nyuma yake, nikichukua mkoba, na sikupata nafasi ya kumzuia. Alimwona mwanamke ameketi kwenye cherehani, akaenda moja kwa moja, akamshika mikono yote miwili.

"Mabel," akasema. "Ni mimi, Winfrida. Siku ile ya riboni nilikosea mimi. Nilijua, nikanyamaza, ukaadhibiwa wewe. Nimekuja kukuomba msamaha."

Mwanamke yule alikuwa na miaka kama thelathini hivi. Alimsikiliza mama hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akainuka, akampa kiti chake, akasema, "Shikamoo Bibi. Mimi nimekusamehe. Lakini nadhani unamtafuta bibi yangu."

Mama akavaa miwani. Akamtazama. Akaanza kucheka, na yule Mebo mdogo akacheka, na mimi nikaketi chini kwa kucheka, maana msamaha alioubeba kwa miaka sitini ulikuwa umetolewa kwa mtu mwingine, na ukapokelewa.

Mebo mdogo alitupikia ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Alituambia bibi yake yu hai, ana nguvu, anaishi Newala alikoolewa, na tangu alipofiwa na mumewe yuko kwa binti yake huko huko. Akashika simu kumpigia. Mama akamzuia.

"Usimpigie. Akijua nakuja atatafuta maneno mazuri. Nataka anipe la kwanza litakalomjia."

Kupanda Newala

Kutoka chini hadi Newala unapanda. Noah ilipanda kwa shida, kisha kwenye kipande kilichokuwa bado kinatengenezwa ikachemka. Dereva akamimina maji yetu yote ya kunywa kwenye rejeta, akaomba radhi baada ya kumimina. Tulifika juu midomo imekauka, kwenye mji ambao maji ndiyo kitu adimu kuliko vyote. Mlangoni pa nyumba ya wageni pamepangwa madumu ya njano ya maji. Mwenye nyumba, mama wa Kimakonde mpole, alituletea vikombe viwili vya maji, akasimama pale mpaka tumemaliza, tukaelewa kwamba hayo si maji ya kumwaga.

Upepo wa kule juu ni baridi. Nilijifunika kanga mbili, nikatoka kutafuta chakula cha jioni. Nikauliza kwenye mgahawa kama kuna samaki. Binti akasema wapo, samaki nchanga. Nikafurahi, nikaagiza sahani mbili. Nilidhani ni samaki wa Ruvuma, na nchanga ni jina la aina yake.

Zikaja. Mama akaangalia sahani, akaniangalia mimi.

"Stella, umeagiza nini?"

"Samaki nchanga."

"Nchanga ni mchanga. Samaki wa mchangani." Akachukua mmoja kwa mkia. "Huyu ni panya wa shambani, mwanangu."

Binti alikuwa anatutazama kwa wasiwasi, na mimi sikutaka kumvunja moyo. Nikafumba macho, nikala. Nawaambia ukweli kama dada zangu: amebanikwa vizuri, ana ladha ya moshi, na kama nisingemwona mkia ningeongeza. Mama alimaliza sahani yake na nusu ya yangu.

Asubuhi tukauliza wapi anakaa Bibi Mebo. Kila mtu alituelekeza kwa kijana mmoja anayeshughulikia mambo ya utamaduni pale mjini, mtu wa Mara, mwenye daftari kwapani. Alijitolea kutupeleka mwenyewe.

"Mmekuja siku nzuri," akasema njiani. "Alasiri kikundi chake kinafanya mazoezi ya harusi. Mtaona ngoma ya Msuko. Ni ngoma ya asili ya Wamakonde, ipo tangu enzi za mababu. Nimeiandika kwenye ripoti."

"Inachezwaje?" nikauliza.

"Wanasimamisha mti, wanafunga vipande vya kanga juu, wanazunguka na kusuka."

Mama alisimama katikati ya njia.  Alinishika kiwiko, tukaendelea kutembea.

Uwanja wa Bibi Mebo

Bibi Mebo alikuwa ameketi mkekani akichagua korosho. Ni mdogo wa umbo, amekauka, ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Aliinua kichwa, akamwona mama, akaacha korosho ziporomoke kutoka kwenye ungo.

"Winfrida," akasema. "Umezeeka."

Wakashikana. Wakasalimiana Kiyao, salamu ndefu ya kuulizana kila kitu, nami sikuelewa nusu. Halafu mama akarudi kwenye Kiswahili, nadhani ili mimi niwe shahidi, akasema yale yale aliyoyasema Lupaso. Nilijua kila neno, lakini safari hii sauti ilimkatika katikati.

Bibi Mebo alikunja uso. "Wewe ulikosea?"

"Mimi. Nilipita chini."

"Hapana. Mimi ndiye niliyepita chini. Ndiyo maana nikasema ni mimi. Ulidhani nilikuwa malaika?"

"Mabel, najua nilichofanya."

"Na mimi najua nilichofanya. Nimekaa miaka yote nikidhani ulinichukia kwa kukuharibia siku."

Wakabishana. Kwa nusu saa, bibi wawili wa miaka themanini na kitu waligombania kosa, kila mmoja akilivuta kwake. Mama akamtajia chuo na ile nafasi moja. Hapo Bibi Mebo alicheka hadi akakohoa.

"Chuo? Baba aliugua, nikarudi nyumbani kumuuguza. Hata bila riboni ningerudi. Halafu mimi nikae na chaki na watoto wa watu siku nzima? Mimi nimekuwa mkunga. Nusu ya hawa unaowaona nimewapokea kwa mikono hii." Akaonyesha wanawake waliokuwa wameanza kukusanyika, wengine wamefunga vilemba, wengine mitandio, Waislamu na Wakristo pamoja. "Nilipoolewa nikawafundisha wenzangu ule mchezo. Riboni hatukuwa nazo, tukachana kanga."

Mama aliketi chini kwenye mkeka kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani na shingo bado haijaamini. Lakini hakuwa ameridhika. "Bado ni mimi niliyekosea," akasema.

Mmoja wa wanawake akachoka kusikiliza. "Bibi zetu, chezeni tuone."

Mti ukasimamishwa, mwanzi mrefu, vipande vya kanga vikining'inia kutoka juu. Wakatoka wanawake sita wa kikundi, na Bibi Mebo wa saba. Mama akalaza fimbo chini, akaingia wa nane. Na mimi, ambaye ndiyo kwanza naona kwa macho yangu kitu nilichokifikiria tangu mwezi wa tatu, nikashindwa kuvumilia. Nikaomba kipande na mimi. Wakanifungia kimoja cha bluu.

Ngoma ikaanza kwa makofi na wimbo wa Kimakonde. Juu, chini, juu, chini. Nilikuwa naenda vizuri kabisa. Mzunguko wa tatu nikajikuta uso kwa uso na mtu ambaye hakupaswa kuwa mbele yangu. Nikainama, naye akainama. Vipande vikajifunga. Sote tukakwama, mwanzi ukalala upande, watu uwanjani wakaangua kicheko.

Mama na Bibi Mebo hawakucheka. Walikuwa wanatazama fundo.

"Mko wangapi?" akauliza Bibi Mebo.

Wakahesabu. "Tisa."

"Toka mmoja."

Wote wakanigeukia mimi. Nikatoka. Wakafungua mafundo, wakaanza upya wakiwa wanane, na safari hii ikaenda. Mama yangu, miaka themanini na miwili, alizunguka mwanzi ule bila fimbo, akiinua mkono, akiinamisha kichwa, midomo ikihesabu. Kanga zikasukana kutoka juu kuja chini, nyekundu juu ya njano juu ya bluu, mpaka mikono yao ikakutana karibu na mti na hapakuwa tena na nafasi ya kuzunguka. Vigelegele vikapigwa. Mimi nililia kidogo, mseme mtakavyo.

Bibi Mebo alikuwa anahema, ameshika mwanzi. "Winfrida. Siku ile tulikuwa wangapi?"

"Wanane."

"Tulijifunza wanane. Siku yenyewe je? Yule mtoto wa mgeni. Mwenye soksi nyeupe."

Mama akafumba macho. Nikaona anaiona siku ile. "Alilia anataka kucheza," akasema polepole. "Miss Kengele akampa riboni. Akamwingiza katikati yetu."

"Tisa," akasema Bibi Mebo.

Hakuna aliyekosea kati yao. Mchezo haukuwezekana tangu ulipoanza, na Miss Kengele, aliyeogopa kumkatalia mtoto wa mkubwa, aliuliza nani amekosea. Mama alianza kucheka kwa sauti ndogo, kisha kubwa, akaegemea bega la Bibi Mebo, wakacheka pamoja mpaka wanawake wale sita wakawaletea maji ya kunywa, nanyi mmeshajua kule kumpa mtu maji maana yake nini.

Yule kijana wa utamaduni alikuwa amesimama na daftari wazi, ameishiwa. "Kwa hiyo ngoma ni ya Waingereza?"

Bibi Mebo akamjibu, "Imekuja ikiwa msichana, ikaolewa hapa, ikazaa hapa. Utaendelea kuiita mgeni mpaka lini?"

Kijana akanigeukia mimi kama mtaalamu, akauliza aandike nini. Nilimwambia aandike yote mawili, ilikotoka na ilikokaa, na jina la Bibi Mebo liwe katikati. Aliandika. Nilichungulia kuhakikisha.

Stendi ya Newala

Tulikaa siku nne. Tulipelekwa Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma linalala chini hadi ng'ambo Msumbiji, na mama na mwenzake waliketi wakila korosho wakiwasengenya wasichana waliokwisha kufa zamani. Harusi ilichezwa Jumamosi. Sikuomba kipande.

Asubuhi ya kuondoka Bibi Mebo alitusindikiza hadi stendi na mfuko wa korosho na kochoko, yaani mabibo yaliyokaushwa. Mizigo ikapandishwa. Mama alikuwa ameshika mlango wa basi, mguu mmoja juu ya ngazi, alipogeuka.

"Mabel. Sidhani siku ile ulikuwa na uhakika kwamba ni wewe uliyekosea. Kwa nini ulisema?"

Bibi Mebo alifikiri, akirekebisha kanga begani.

"Wewe ulikuwa unalia," akasema. "Mimi sikuwa ninalia."

 Konda akaanza kugonga bodi ya basi kwa kiganja. Mama akashusha ule mguu.

"Mwanangu," akamwambia konda, "lile begi la kijani ni langu. Nishushie."

Konda akanitazama mimi. Nikamtazama mama, gauni la Pasaka lina doa la mafuta ya korosho, fimbo ameikabidhi kwa Bibi Mebo, na Bibi Mebo tayari ameanza kumweleza mchana watapika nini.

Nikamwambia konda ashushe.